Kigingi Kilichoota Majani

Kijiwe cha Namkulya hakina jina la kujigamba. Vijiji vya wenzao vina vijiwe vinavyoitwa Bungeni, Ikulu Ndogo, Umoja wa Mataifa. Hiki kinaitwa Benchini, basi, maana benchi ndiyo mali yake yote. Lipo pale njia ya Chiungutwa inapoachana na njia ya kushukia bondeni, ubavuni mwa banda la fundi baiskeli: ubao mmoja mrefu, miguu minne ya miti iliyofukiwa ardhini, na makalio matatu yasiyokosa hata siku ya maziko. Mbele yake kuna jiko la mkaa la Pendo, birika lake la kahawa na ndoo ya kusuuzia vikombe. Siku hiyo Pendo alichelewa. Alikuja na dumu moja badala ya mawili, hana kashata, na uso wake umefungwa kama duka lenye msiba. Akakoleza mkaa kimya. Wale watatu wakatazamana. Kilichompata mama yake jana walikijua, kijiji kizima kilikijua mpaka kuku, ila kila mmoja alikuwa amejiapiza kwamba si yeye atakayeanza.

Akaanza Katiba. Jina lake la nyumbani ni Lukmani, Baba Hajira, mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji. Aliitwa Katiba kwa kuwa hawezi kukuomba chumvi bila kutaja kifungu.

— Pendo mwanangu, leo hata shikamoo hatupati?

— Shikamoo Baba Hajira. Shikamoo Baba Esther. Shikamoo mjomba.

— Marahaba, marahaba. Mama hajambo?

— Hajambo ya wapi, Baba Hajira? Ndoo zake na panga lake viko ofisini kwenu. Alasiri hii anasimamishwa barazani. Mnajua, halafu mnaniuliza.

Kisa chenyewe ni kifupi, na ufupi wake ndio uliomchoma Pendo. Masika yaliyopita kijiji kilipitisha sheria ndogo: ndani ya mita sitini kutoka maji ya Mikuyuni mtu asilime, asikate mti wala tete, asichome, asichunge. Sheria nzuri. Pendo mwenyewe aliinyooshea mkono mkutanoni. Aliyekulia uwanda huu wa juu, ambako mvua hainyeshi ikatulia bali ardhi huimeza kama mlevi, hafundishwi thamani ya kinamasi. Mikuyuni ndiyo chemchemi yao, ndiyo kisima chao, ndiyo sababu Namkulya ipo na haijahama. Sheria ilipopita, vikachongwa vigingi vya kuonyesha mpaka, vikapigiliwa kuzunguka bonde lote. Wiki ile Pendo alikuwa Newala kwa dada yake aliyejifungua. Aliporudi alivikuta vimesimama.

Kilichofuata hakuna aliyekitarajia. Vigingi viliota. Vibichi kama vilivyokuwa, kwenye udongo ule wa maji, vikatoa macho, macho yakawa matawi, matawi yakatanda. Kimoja kilikuwa katikati ya njia ya wanawake wachota maji. Jana asubuhi Mama Getrude, mama yake Pendo, ndoo kichwani, alishindwa kupita. Akatua ndoo, akachukua panga, akapunguza matawi. Mgambo akaibuka mateteni utadhani amezaliwa humo: umekata mimea ndani ya hifadhi, halafu umeharibu mpaka wa serikali. Makosa mawili, panga moja. Na adhabu iliyokuwa ikinong'onwa ni moja: asikanyage Mikuyuni mpaka masika mengine. Mwanamke wa Namkulya kukatazwa Mikuyuni ni kuambiwa asinywe, asipike, asioge.

Na kahawa ya Benchini huchemshwa kwa maji gani?

— Tusiingilie shauri lililo mbele ya baraza, alisema Katiba, akanyoosha mkono kupokea kikombe. Ila kisheria, kile ni kigingi cha serikali. Kikishapigiliwa, kimeapishwa. Majani yake ni majani ya serikali. Kuyakata ni sawasawa na kuchana bendera.

— Bendera inaota njiani, Baba Hajira? Watu wapite wapi?

— Pembeni.

— Pembeni ni ndani ya mpaka. Akipita pembeni, mmemkamata kwa kukanyaga hifadhi.

— Ndiyo maana wahenga wakasema, samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki gani hapo? Anayekunjwa ni mama yangu, na ana miaka sitini!

Dastani, Baba Esther, akakohoa. Huyu ndiye Salfa. Amepulizia mikorosho ya watu tangu ujanani, kifua kimebaki na mlio wa filimbi, na hakuna jambo chini ya jua ambalo kwake halikuanzia kwenye salfa.

— Nyie mnabishana majani, alisema. Ulizeni yameotaje! Mti umekatwa juu, umekatwa chini, umechongwa ncha, umegongwa nyundo kichwani. Unaota? Mimi nawaambia, ni salfa. Tunapulizia huku juu, upepo unaipeleka bondeni, vigingi vinavuta. Mkorosho wenyewe ukivuta unazaa, sembuse kigingi?

— Salfa ni dawa ya ukungu, si mbolea, Pendo alisema.

— Ukungu ukitoka, si ndipo kinachobaki kinaota? Halafu kuna jingine. Vile vigingi vinatembea.

— Vinatembea!

— Wallahi naapa, na mimi Mkristo. Kile cha njiani masika kilikuwa kule kwenye jiwe. Sasa kiko njiani. Kimepanda kutoka bondeni chenyewe. Mizizi, ndugu zangu. Mizizi ni miguu. Kikifika kwenye choo changu, mimi nitajisaidia kwa kibali cha kamati.

Katiba akacheka mpaka kahawa ikamrukia kanzu. Salfa hakucheka, alikuwa anaamini. Pendo alimtazama akaona afadhali ya Katiba anayedanganya kuliko huyu anayesadiki, halafu akaona hapana, bora huyu, maana huyu angalau haketi kwenye kamati.

— Baba Esther, mimi nikueleze kinachotembea pale, akasema. Ni nyanya za mwenyekiti wa kamati. Masika zilikuwa nje ya vigingi. Leo ziko ndani, zimefika kwenye matete, na pampu inanyonya maji usiku na mchana. Mbona mgambo hajaibuka kwenye nyanya?

Salfa akatazama kikombe chake kama kimeanza kuota.

— Lile ni shamba darasa, Katiba akasema. Lina kibao.

— Linafundisha nini?

— Linafundisha... Linafundisha jinsi ya kutolima ndani ya mita sitini. Sasa utamwonyeshaje mtu kosa bila kulitenda?

— Kwa hiyo mama yangu naye akiweka kibao, panga lake ni panga darasa?

Hapo fundi baiskeli, kule bandani kwake, alicheka peke yake. Katiba hakupenda.

— Pendo, umesoma, tunashukuru. Ila mdomo huo usiupeleke barazani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Na anayesikia la mkuu hunywa nini, Baba Hajira? Maana dumu hili ndilo la mwisho. Nikilimaliza, sina pa kuchota. Na ninyi hamna kahawa.

Hilo liliwagusa. Mama wa watu kunyang'anywa ndoo halikuwagusa, la kahawa liliwagusa. Wakaanza kujisogeza kwenye ubao kama waliokalia siafu. Na hapo ndipo Pendo alipomgeukia mtu wa tatu, ambaye tangu ameketi hakutoa neno, jambo ambalo kwake ni ugonjwa.

Huyo ni Christopher. Kijiweni anaitwa Redio, maana hazimwi. Lakini kwa Pendo si Redio: ni mjomba, kaka wa Mama Getrude, tumbo moja. Na kwa watu wa huku neno hilo lina uzito wake. Mwanamke akiolewa, kaka yake anakuwepo. Akifiwa, kaka yake anakuwepo. Akishitakiwa, hasimami mume wala mtoto, husimama kaka. Mjomba ndiye mdomo wa nyumba.

— Mjomba, alisema, na sauti yake ikapungua. Alasiri unakwenda?

— Wapi?

— Mjomba!

— Aa, barazani. Redio akajikuna shingo. Mwanangu, hilo jambo si dogo kama mnavyoliona. Hawa hawajui. Mimi nimesikia. Lile si bonde tena. Limeuzwa.

— Limeuzwa kwa nani?

— Kwa Wazungu. Hawanunui ardhi, hawanunui maji. Wananunua hewa! Kila jani linatoa hewa, hewa inapimwa, inakwenda kwao kwa njia ya mitambo. Sasa kile kigingi ndani yake kina kidude. Ndiyo maana kimeota: kidude kina joto. Na kidude kinahesabu majani. Dada yangu alipokata tawi, kule Ulaya taa nyekundu ikawaka. Simu ikapigwa wilayani, wilaya ikampigia mgambo. Ulimwona mgambo alivyotokea haraka? Nani kamwambia? Taa!

— Eeee, alisema Salfa, mkono kinywani. Ndiyo maana vinatembea. Vinaendeshwa.

— Vinaendeshwa na setilaiti. Sasa mimi, mtu wa kibanda cha nyasi, nikasimame barazani nibishane na taa ya Ulaya? Maji ukiyavulia nguo, mwanangu...

— Huna budi kuyaoga, Pendo akamalizia. Ndivyo linavyokwisha, mjomba. Linamaanisha nenda.

— Mimi naliona linamaanisha usivue nguo.

Katiba akapiga goti lake kwa furaha. Salfa akaongeza kwamba hata chatu wa Mikuyuni, aliyeonekana zamani na babu zao, siku hizi haonekani kwa sababu amefungwa kidude. Redio akasema chatu hakufungwa, chatu ndiye setilaiti yenyewe. Katiba, asiyekubali kupitwa, akasema yeye kama mjumbe hawezi kuthibitisha wala kukanusha suala la chatu, ila ipo minong'ono kwamba kijiji jirani kinaitaka chemchemi, na hakuna ajuaye, pengine aliyekata tawi alitumwa.

Pendo alikuwa anasuuza kikombe. Akakisimamisha mkononi.

— Alitumwa nani?

— Nimesema pengine.

— Mama yangu ametumwa na kijiji jirani? Baba Hajira, aliyemzalisha mkeo usiku wa mvua, Hajira akazaliwa, ni nani? Maji ya kumwoshea yule mtoto alichota nani, wapi?

— Sisemi ni yeye. Nasema kisheria uwezekano...

— Mnanywa maji yake! Kila siku mnaketi hapa mnanywa maji aliyoyapandisha kilima kile kichwani kwake. Halafu leo anaburuzwa na mgambo, nanyi mnanieleza chatu na taa! Jambo lenyewe ni jepesi, na mnalikwepa kwa kuwa ni jepesi. Sheria imetungwa ilinde maji. Anayeyanyonya kwa pampu ana kibao. Anayeyachota kwa ndoo ana kesi. Nataka mtu mmoja tu alasiri hii asimame aseme hivyo. Mmoja. Si lazima awe shujaa, awe na miguu tu.

Kweli miguu walikuwa nayo. Ilikuwa inachora mchangani.

Akamwaga maji ya kusuuzia nyuma ya benchi, kwenye mguu wa pembeni, pale pale anapoyamwaga kila siku, akatia kahawa iliyobaki kwenye vikombe. Birika likakohoa kama Salfa, likatema machicha. Ndipo bodaboda ya Nikolao ikaja ikisukumwa, gurudumu la nyuma limelala, na abiria wake akifuata kwa miguu: mama mnene wa makamo, kanga mbili, kuku kwenye kikapu.

— Hodi hapa. Asalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo, nachanganya nisikosee, alisema. Mimi Rose, Mama Joel. Natoka Chilangala, nakwenda Chidya kwenye ubatizo wa mjukuu. Tyubu imetuaga. Naomba nipumzishe miguu fundi akiziba.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! Redio akachangamka, maana mgeni ni masikio mapya. Keti mama, keti hapa mwisho. Sisi hapa tuko kwenye suala zito la kimataifa.

Wakasogea. Mama Joel akaketi pembeni kabisa, akaweka kikapu chini. Katiba akaanza kumweleza habari za vigingi, vilivyotoka wilayani, kitalu maalumu, mti wa kitaalamu usiopatikana huku. Salfa akamweleza habari za miguu. Redio akaingiza Ulaya. Mgeni aliitikia kwa adabu, haya, ehee, kumbe. Alipoinama kumtazama kuku wake, kanga ikamvuta nyuma. Akavuta. Haikutoka. Imenaswa. Akageuka, akapapasa nyuma ya ubao, akaja na kanga mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika jani.

— Nnungu wangu, alisema, akicheka. Benchi lenu linaota!

Wote wakageuka. Nyuma ya ule mguu wa pembeni, mguu unaomwagiwa maji ya vikombe kila siku ya Mungu, lilikuwa limechomoza tawi urefu wa mkono, majani mapana, ya kijani kibichi. Pendo alikuwa ameyaona siku nyingi na kuyadhania magugu. Wale wengine hawakuwahi kuyaona, maana mtu huona alichokikabili, si alichokikalia.

Mama Joel akalikwaruza jani kwa kidole, akalinusa, akaugonga mguu wa benchi.

— Si mkuyu huu? Kwetu Chilangala mpaka mtu ashuke mtoni ndipo auone. Mkuyu haupendi huku juu kukavu, unataka miguu ndani ya maji. Mmeutoa wapi?

Aliuliza kama mtu anavyouliza unga umenunua duka gani. Alikuwa anaondoa uzi wa kanga, hata hakuwatazama.

Katiba akafungua kinywa. Kinywa kikabaki wazi, kifungu hakikutoka. Salfa akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua. Redio, asiyezimwa, akazimika.

— Nimeuliza vibaya? mgeni akasema.

— Hujauliza vibaya, mama, Pendo akajibu. Ngoja wajibu.

Akazunguka nyuma ya benchi, akachuchumaa. Majani yale aliyajua. Jana jioni aliyaona yamefungwa fungu mlangoni mwa ofisi, ushahidi dhidi ya mama yake. Aliushika mguu wa benchi: gome lile lile la vigingi, mchongo ule ule. Akaikumbuka wiki ya Newala. Akaondoka hakuna benchi, akarudi vigingi vimesimama na benchi lipo, nao wamelikalia kama wamezaliwa nalo.

— Benchi hili ni mabaki ya vigingi, alisema. Vigingi mlikata ninyi. Watatu ninyi.

— Tulipewa kazi, Salfa akasema upesi. Kazi ni kazi.

— Mlikata wapi?

— Pendo, kuna mambo ya kamati...

— Vilitoka wilayani, ee? Kitalu maalumu! Mmekata Mikuyuni. Mmeingia kwenye mikuyu inayoshika maji, mkaiangusha, mkaichonga vigingi vya kuilinda! Halafu mkazungushia uzio, sasa nani ataingia aone visiki? Sheria inakataza.

— Mti lazima utoke mahali, Katiba alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na kifungu. Pale ndipo palikuwa karibu. Na sheria ilikuwa haijaanza. Ilianza vigingi vilipokwisha.

— Na wewe mjomba ulishika panga?

Redio akatazama bondeni, kule ambako zamani, mtu akisimama Benchini, aliweza kuona vichwa vya mikuyu vikitokeza juu ya matete kama wazee kwenye baraza. Siku hizi huoni kitu.

— Tulikata wote, mwanangu, akasema.

— Basi inukeni.

— Ya nini?

— Nauchukua mguu huu. Alasiri nauweka mbele ya baraza, kando ya lile fungu la mama. Wauangalie majani, wauangalie mchongo. Halafu wamuulize kila mtu swali la huyu mama, moja tu, mmeutoa wapi. Inukeni.

— Benchi ni mali ya kijiwe! Katiba akang'aka. Kuling'oa ni kosa. Uharibifu wa...

— Inukeni, Baba Hajira. Kwa heshima zote.

Hawakuinuka. Mama Joel ndiye aliyeinuka, akachukua kikapu chake, akasogea. Wale watatu wakazidi kukaa. Salfa akashika ubao kwa mikono miwili, kama mtu aliye kwenye tela la trekta. Pendo panga hana, liko ofisini. Akachukua mwiko wa kutolea majivu, akaanza kuchimba pale alipomwagia maji miezi yote, ambapo udongo ulikuwa laini kwa jasho la mama yake. Mizizi ilikuwa imeshika, myeupe, mbichi. Akaichimbua mmoja mmoja kwa uangalifu, asiukate. Kisha akakumbatia mguu ule, akaweka goti, akavuta.

Ubao ukalia. Benchi likainama upande, na sheria, salfa na habari za ulimwengu vikaporomoka pamoja mchangani, vikombe juu yao. Fundi baiskeli aliacha tyubu akaja kutazama.

Pendo akauweka mguu begani, tawi likichezacheza nyuma ya kisogo chake, udongo ukidondoka kwenye mizizi. Akamwaga mkaa, akaufukia. Akatwaa dumu tupu kwa mkono mwingine.

— Mama Joel, asante. Ubatizo mwema.

— Asante ya nini, mwanangu? Mimi sijaelewa lolote hapa.

Pendo alikuwa ameshashika njia ya ofisini. Nyuma yake alisikia mtu akijikung'uta, akisimama, akipiga hatua mbili mbili za kumfuata. Alizijua hatua hizo tangu utoto. Akapunguza mwendo kidogo, asigeuke, ampe mjomba wake nafasi ya kufika mwenyewe.

Hatua zikasimama.

— Pendo! Redio akaita. Pendo mwanangu! Sasa kesho kahawa je?